Jicho la Maji

Kwa miaka 15 nilitunga mashairi ya bahari kabla sijaiona bahari. Nilizaliwa mwaka 1959 Mwandoya, katika nchi kavu ya Meatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Kutoka kwetu kwenda pwani, enzi hizo, mtu alipanda lori hadi Shinyanga mjini, akasubiri treni ya Reli ya Kati, kisha akalala njiani. Hata hivyo daftari langu la kwanza la mashairi, nililolianza mwaka 1976 nikiwa mwanafunzi wa sekondari, lilijaa majahazi, matanga, lulu, minazi na asumini. Ua la asumini sikuwahi kulinusa. Nililipenda kwa sababu jina lake lina mizani nne na linaishia kwa *ni*, kina ambacho hakimsumbui mtunzi yeyote.

Ninaandika haya kwa ajili ya malenga wenzangu, hasa vijana wanaosema kwamba wana ari ya kutunga ila hawana jambo la kutungia. Nami nilisema hivyo miaka mingi. Kosa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe, lakini sehemu moja ya kosa hilo ilimwangukia mtu mwingine, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Mapenzi yangu ya ushairi yaliingia kwa njia ya sikio. Jirani yetu alikuwa na redio ya betri, na jioni tuliketi uani kwake kusikiliza kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Shuleni, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tulipangwa mistari miwili tukakariri ngonjera mbele ya wageni, tukiwa tumevaa kaptura na miguu mitupu. Baadaye, katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, nilikipata kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole mezani, nane kwa nane, mpaka wenzangu wa bwenini wakadhani nina ugonjwa wa mishipa.

Kutokana na hayo yote nilijitungia imani ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha: kwamba shairi la Kiswahili kwao ni pwani, na mtu wa bara akitaka kuingia humo ni mgeni, lazima aazime kanzu ya mwenyeji. Basi niliazima. Katikati ya miaka ya 1980 nilimsomea mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Pangani, shairi nililoliona bora kuliko yangu yote. Ndani yake jahazi lilisheheni karafuu, likatoka Unguja kwenda Arabuni, likisukumwa na pepo za kaskazi. Mwenzangu alisikiliza hadi ubeti wa mwisho, akavisifu vina, kisha akaniuliza kwa upole, “Ndugu yangu, hilo jahazi lako linakwenda kinyumenyume?”

Ndipo akanieleza jambo ambalo mtoto wa Pangani hulijua kabla ya kujua kusoma. Pepo za kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi mnamo mwezi Machi, nazo ndizo zilizokuwa zikiyaleta majahazi kwetu. Pepo za kusi ndizo zilizoyarudisha kwao. Mimi nilifanya nini? Nilifuta neno kaskazi, nikaandika kusi. Mizani ikapungua, nikapachika neno la kujazia, jahazi likaendelea na safari.

Mwaka 1991 nilipelekwa Dar es Salaam kwa shughuli za kikazi, na asubuhi ya kwanza nikaenda Kivukoni kuitazama bahari yangu. Kilichonipokea ni harufu ya samaki na dizeli. Wanawake waligombania bei, vijana walipara samaki, wavuvi walikaa chini wakishona nyavu. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akiyatazama mawimbi. Nilirudi Meatu na soni kidogo. Nilidhani kwamba kosa langu lilikuwa kutoijua bahari, na kwamba dawa yake ni kuisoma zaidi.

Ushahidi wa kunisuta ulikuwa katika rafu yangu mwenyewe, tena niliufundisha darasani mwaka hadi mwaka. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa na watafiti kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuufikisha sokoni na mitaani. Bahari imo katika mashairi yake kwa kuwa ilikuwa mlangoni pake. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, nchi kavu kama yetu, naye ndiye aliyeikuza ngonjera ile tuliyoikariri tukiwa miguu mitupu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka Mwanza, alikamilisha mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka. Ndani yake watu huamkiana, huvua samaki, hupika pombe ya ndizi, hutafuta dawa ya uzazi, na kila kazi inaelezwa hatua kwa hatua kana kwamba msomaji ataifanya kesho. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Miaka 35 alisubiri, asiache hata chungu kimoja cha pombe nje ya hadithi.

Wala sikuhitaji vitabu. Kila mwaka pamba ilipokwisha kuvunwa, Wagalu na Wagika walishindana kwa ngoma, na manju wa kila upande alikuja na nyimbo mpya. Alizitoa wapi? Katika mambo ya mwaka uleule: nani kauza ng'ombe akanywea pombe, mvua ilikatika mwezi gani, bei ya pamba iliwafanyia nini watu. Mjomba wangu aliweza kuimba nyimbo za misimu kumi bila kukosea. Nilizisikia utotoni, nikazipenda, lakini nilipokalia meza kuandika nilizifungia mlango. Hizo zilikuwa ngoma. Mimi nilikuwa nikitafuta fasihi.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari ya kanda yetu. Niliwapa wanafunzi kazi ya kutunga shairi la tarbia, beti tano, mada “Uzuri wa nchi yangu”. Nilikusanya madaftari 40 hivi, na kama nilivyotarajia, karibu yote yalikuwa na Mlima Kilimanjaro, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona.

Daftari moja lilikuwa tofauti. Binti mmoja, mpole, mkaa nyuma, alikuwa ameandika juu ya kuteka maji katika mto wa mchanga wakati wa kiangazi. Beti zake sizikumbuki. Ninachokumbuka ni picha moja tu: alisema kwamba mtu akichimba shimo mchangani na kungoja, shimo hufumbuka polepole kama jicho linaloamka, na ukiliinamia linakutazama. Mizani ilimpotea mahali pawili au patatu. Mimi nilikamata kalamu nyekundu, nikakata neno jicho, nikaandika pembeni: “Jicho halioti mchangani. Tumia tamathali zinazofahamika.” Nikampa alama 9 kati ya 20. Darasani nikatoa mifano ya tamathali zinazofahamika: waridi, lulu, mbalamwezi, bahari.

Alikuwa mwanafunzi mtiifu. Zoezi lililofuata alileta waridi na lulu, vina vyote vimekaa sawasawa kama matofali. Nilimpa 16, nikalisoma shairi lake mbele ya darasa. Baada ya hapo sikumbuki kama aliandika tena jambo lolote ambalo lingenisimamisha.

Nilistaafu mwaka 2019, nikarudi kuishi Mwandoya. Nilidhani kwamba sasa, nikiwa na kiti chini ya mkwaju na muda wa kutosha, mazingira yatanijia yenyewe. Nilikaa. Nilitazama mibuyu, ua wa minyaa, ng'ombe wakirudi na vumbi lao la dhahabu wakati jua linazama. Nikatunga beti saba za kuusifu mbuyu: ukubwa wake, umri wake, kimya chake. Mjukuu wangu wa darasa la tano alizisikiliza zote, akauliza, “Babu, sasa huo mbuyu umefanya nini?”

Sikuwa na jibu. Mbuyu wangu ulikuwa jahazi lingine, limebadilishwa rangi tu. Nilikuwa nimeutazama kama mgeni anavyoutazama kupitia dirisha la basi. Lakini mbuyu kwetu una kazi. Majani yake machanga ni mboga, ubuyu wake ni kiburudisho cha watoto, gome lake hutoa kamba, na yuko mtu anayepanda juu kuyachuma hayo majani akiwa na hofu ya kuanguka. Huyo mtu hakuwemo katika beti zangu saba.

Kilichonifungua macho ni goti la mke wangu. Katika kiangazi cha mwaka uliofuata bomba lilikauka kwa wiki kadhaa, na mama watoto, ambaye katika ndoa yetu yote alishughulikia maji kwa namna ambayo sikuwahi kuiuliza, hakuweza tena kutembea mwendo ule. Nikafunga madumu mawili kwenye baiskeli, nikaenda mtoni. Wanawake waliponiona walinyamaza, kisha mmoja akasema, “Mwangaluka, baba mwalimu. Umekuja kukagua?” Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya.

Nilijifunza siku ile mambo ambayo msichana wa miaka tisa pale alikuwa akiyajua. Huchimbi popote: unatafuta upande wa nje wa kona ya mto, au mahali ambapo mchanga una unyevu asubuhi. Unachimba kwa jembe, kisha kwa bakuli, kwa sababu jembe huangusha kingo. Maji ya kwanza ni tope, unayatoa, unayamwaga mbali. Ya pili yana rangi ya chai ya maziwa, nayo unayamwaga. Kisha unakaa. Kukaa ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Anayefika akiwa mzee au mjamzito hujaziwa kwanza, hata kama shimo si lake. Ukiondoka unalifunika kwa matawi ya miiba, ng'ombe wasilivuruge, kwani ng'ombe wana shimo lao.

Nilikaa basi, nikiinamia shimo langu, na maji yakaanza kupanda kutoka chini bila sauti. Kwanza doa la unyevu, kisha mng'ao, kisha duara jeusi lenye anga ndani yake, na katikati ya anga ile uso wa mzee fulani unaonitazama. Nililitambua mara moja. Lilikuwa jicho linaloamka. Shairi la mwaka 1994 lilinirudia pale mtoni, pamoja na wino wangu mwekundu.

Jioni ile nilifungua kamusi yangu kuukuu, si kwa ajili ya kutafuta faraja, maana nilijua sitaipata. Chini ya neno jicho, baada ya maana ya kwanza ya kiungo cha kuonea, palikuwa na *jicho la maji*: mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini, chemchemi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimeikata kwa wino tamathali ambayo lugha yenyewe ilikwisha kuihifadhi kabla ya mimi na yule binti kuzaliwa. Yeye hakuiokota kamusini. Aliiona mahali palepale walipoiona wale wa kwanza walioipa lugha, akiwa ameinama juu ya shimo, akisubiri zamu yake.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na ninaloweza kuwaambia malenga wenzangu ni hili: mazingira humfungukia mtu kupitia kazi zake. Jicho hufuata mkono. Niliishi miaka mingi karibu na mto ule nisiuone, kwa sababu maji yalifika mezani kwangu yakiwa ndani ya glasi. Yule binti aliuona kwa sababu aliyabeba. Ndiyo maana pia wavuvi wa Kivukoni walitazama nyavu: bahari yao imo ndani ya nyavu, na anayetaka kuwatungia aanze na sindano ya kushonea. Mwaka uleule wa 1954 ambao Sheikh Amri Abedi alitoa kanuni zake, mshairi wa Chile, Pablo Neruda, alichapisha diwani ya tenzi za kusifu vitu vya kila siku, kitunguu kikiwemo. Sidhani kwamba mtu anaweza kukisifu kitunguu vizuri kama hajawahi kukikata akalia.

Tangu hapo nimebadili namna yangu ya kukusanya. Zamani niliandika katika daftari maneno mazuri. Siku hizi ninaandika kitu, jina lake hapa kwetu, kinafanya nini, na ni mkono wa nani unaokishika. Wazee wetu Wasukuma walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa mvua, majani yakaachwa yasimame, ili kiangazi kikifika ndama na ng'ombe dhaifu wapate chakula. Daftari langu ni ngitili yangu. Siku ambayo jambo linatokea silitungii shairi. Ninalifungia humo.

Humo mna udongo, kwa mfano. Msukuma ana jina kwa kila udongo kuanzia mteremko wa kilima hadi bondeni: *luseni* wenye mchanga, *itogolo* mgumu unaofuata chini yake, *mbuga* mweusi ulioshikamana bondeni. Kwa Mswahili wa kamusi mbuga ni uwanda wa nyasi na wanyama. Kwa mkulima wa Mwandoya mbuga ni udongo unaovua viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi wakati wa kiangazi. Neno moja, nchi mbili. Humo mna pamba: siku ya kuchambua, mama huketi kati ya malundo mawili, *safi* mkono wa kulia na *fifi* mkono wa kushoto, ile iliyotiwa doa na wadudu au mvua. Fifi! Masikioni mwangu ni kama kitenzi kufifia kilichopunguzwa, kikapewa kazi penye mzani. Humo mna michembe ya viazi vitamu inayoanikwa juu ya mawe, na mtoto aliyeachwa kuilinda dhidi ya kuku, aliyelala.

Siku moja, nikiwa narudi na madumu yangu, niliokota neno *kata*. Kata ni chombo cha kuchotea. Pwani hutengenezwa kwa kifuu cha nazi, kwetu kwa kibuyu kilichopasuliwa. Kata pia ni ngata, ule mviringo wa nguo au nyasi anaouweka mtu kichwani chini ya mzigo. Kata ni eneo la utawala, na Mwandoya ni kata. Na kata ni kitenzi, kama vile kukata kiu, au kukata neno la mwanafunzi kwa wino mwekundu. Nikatunga kikwamba cha ubeti mmoja. Nimestaafu, sina haja ya beti tano.

Mshororo wa kwanza niliuandika hivi: “Kata iko mkononi, nachota upesi maji.” Mizani nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho vimetimia. Niliridhika.

Wiki ile, siku ya gulio, nilisimama kununua karanga. Muuzaji, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, aliinua macho, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nilimtambua kwa sauti. Tukaulizana habari za nyumbani, watoto, mvua. Kisha nikamwambia kwamba nina deni kwake. Nikamwambia kuhusu shairi lake, kalamu yangu, alama 9, na kwamba nilikosea, na kamusi pia inasema nilikosea. Alinisikiliza huku akipimia wateja.

“Ninalikumbuka la waridi,” akasema. “Ulilisoma darasani. Ulinipa 16.”

“La kabla ya hilo. La shimo la maji. Ulisema ni jicho linaloamka.”

Alitua kopo la kupimia. “Niliandika hivyo?”

“Uliandika hivyo.”

“Daftari lile mama alifungia karanga, Mwalimu,” akasema, akacheka. Sikuona dalili ya hasira katika kicheko chake, na hilo halikunipunguzia kitu. Alikuwa amelisahau shairi lake na kulihifadhi langu. Katika dunia nzima, anayeikumbuka picha ile ni mimi niliyeifuta.

Sikujua la kusema, nikafanya kama walimu wanavyofanya: nikamsomea ubeti wangu. Alipousikia mshororo wa kwanza alitikisa kichwa.

“Upesi? Mwalimu, ukichota upesi unachota tope.”

Alikuwa sahihi, nami nilijua hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimelikalia shimo lile zaidi ya mara 20. Neno upesi liliingia kwa sababu lilitosha penye mizani, kama vile asumini alivyoingia mwaka 1976. Hata katika mshororo wa mwisho alinigusa. Nilikuwa nimeandika mtekaji, yaani anayeteka maji. Akaniambia kwamba siku hizi neno hilo linamtisha mtu kabla hajafika kwenye maji. Nikatoa kalamu, ya bluu, nikasahihisha nikiwa nimesimama palepale mbele ya karanga zake. Ubeti umekuwa hivi:

Kata iko mkononi, nayasubiria maji,
Kata nyingine kichwani, humtunza mbebaji,
Kata yetu ya nyikani, ina kaya na vijiji,
Kata kiu ya jirani, ndipo unywe, mchotaji.

Nilimwuliza kama angependa kutunga tena. Alisema ana dengu za kupepeta na mtoto wa kidato cha nne wa kulipia, na kwamba maneno humjia akiwa anapepeta, ila mikono inakuwa imeshika ungo. Nikamwambia ayaseme tu, nitakuja siku za gulio na daftari. Hakukubali wala hakukataa. Alinipimia karanga, akaongeza ujazo wa kiganja kwa ajili ya ualimu wangu, akazifunga kwa karatasi iliyochanwa kutoka katika daftari la mwanafunzi.

Nilipofika nyumbani nilizimimina karanga kwenye bakuli, nikaikunjua karatasi ile juu ya goti, nikaisoma pande zote mbili kabla ya kuitupa. Ilikuwa hesabu za kugawanya.